Sanamu za mashujaa za bei nafuu na za bei ya juu: tofauti ya ubora iko wapi hasa?

Mkazi_wa_Kirumba ameandika:

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu nyote.

Nimekusudia kuanza kukusanya kwa utaratibu sanamu za mashujaa, zile ndogo zenye viungo vinavyokunjika, na kabla sijatoa hata shilingi ningependa kusikia kutoka kwa waliotangulia. Hapa Mwanza, ukizunguka maduka ya midoli ya Makoroboi, unaweza kupata Spider-Man, au Goku wa katuni za Dragon Ball, kwa shilingi elfu kumi hadi elfu ishirini, akiwa ndani ya mfuko wa nailoni au kiboksi kisichotaja kiwanda. Kwenye maduka ya mtandaoni ya nje, shujaa yuleyule anauzwa takriban dola 25 akiwa ametengenezwa na Hasbro, dola 70 au zaidi akiwa wa Bandai, na akiwa wa Hot Toys bei huanzia kwenye dola 250 hivi na kuendelea kupanda. Nimezitazama picha zake kwa muda mrefu, na kusema kweli katika picha nyingi sioni tofauti inayolingana na pengo la bei.

Ninachoomba kueleweshwa ni hiki: fedha inayoongezeka kati ya ngazi moja na nyingine inanunua nini hasa? Je, ni uimara, ni uzuri, au ni jina tu? Jambo la pili ni kudumu kwake. Nyumba ninayoishi haiko mbali na ziwa, unyevu ni mwingi wakati wa masika, na dirisha la sebule linaelekea magharibi kiasi kwamba jua la alasiri linaingia hadi ukutani ambako nilifikiria kuweka kabati la kioo. La tatu, nimetenga shilingi laki saba kwa kuanzia, na sijui kama ni busara kununua sanamu moja ya hadhi ya juu au kadhaa za wastani. Niongeze kwamba yupo mpwa wangu wa miaka mitano ambaye hushinda kwangu mwishoni mwa juma, na mikono yake haitulii.

Natanguliza shukrani.

Fundi_Viungo ameandika:

Karibu sana ndugu Mkazi wa Kirumba. Nakutahadharisha tu kwamba nafasi kabatini huisha kabla ya hamu.

Kwanza tuondoe dhana kwamba sanamu ya dola 250 ni ileile ya dola 25 iliyoongezewa ubora mara kumi. Hivyo ni vitu viwili vya koo tofauti. Sanamu nyingi za Hot Toys zina urefu wa sentimita 30 hivi, yaani sehemu moja ya sita ya mtu halisi, na zimevalishwa nguo zilizoshonwa kwa kitambaa. Za Marvel Legends za Hasbro zina sentimita 15 hivi, na kwa kawaida vazi lake ni plastiki iliyochongwa pamoja na mwili. Koo hizi zina historia yake. Mwaka 1964 Hasbro ilitoa G.I. Joe wa sentimita 30 mwenye nguo za kuvuliwa, na mwaka 1978 kampuni ya Kenner ikaanza kuuza sanamu za Star Wars zenye urefu usiofika sentimita 10, zisizo na viungo vingi, ambazo mtoto angeweza kumiliki nyingi kwa mpigo. Sanamu za sentimita 15 unazoziona leo, zenye viungo kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, zilienea zaidi baada ya Toy Biz kuanzisha Marvel Legends mwaka 2002, kabla mfululizo huo haujahamia Hasbro. Kwa upande wa Japani, S.H.Figuarts za Bandai na figma za Max Factory zilianza zote mwaka 2008, nazo ndizo zilizowafundisha wakusanyaji kudai kwamba sanamu ndogo iweze kupiga magoti bila kuchungulia matumbo ya kiungo.

Sasa nikujibu fedha inakwenda wapi. Gharama kubwa ya sanamu haimo kwenye plastiki yenyewe, kwa kuwa plastiki iliyomo katika sanamu ya sentimita 15 ni kidogo sana. Imo kwenye kalibu za chuma ambamo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa shinikizo, imo kwenye leseni anayolipwa mwenye mhusika, na imo kwenye muda wa mikono ya wapaka rangi kiwandani. Kila kipande chenye umbo lake kinahitaji nafasi yake kwenye kalibu, na kila rangi inayopakwa juu ya plastiki ni hatua nyingine ya kazi. Ndiyo maana viwanda vya bei nafuu hutumia mwili mmoja kwa wahusika wengi: utakuta mashujaa kadhaa wa Marvel Legends wana kifua kilekile na mapaja yaleyale, wakitofautiana kichwa, viganja na rangi. Hilo si udanganyifu. Ndilo linaloiwezesha sanamu kuuzwa dola 25 na bado ikawa na kiwiko kinachokunjika mara mbili. Wakati mwingine linaharibu mambo, kwa mfano mhusika aliyepaswa kuwa mwembamba anapojikuta amepewa mabega ya mbeba mizigo wa Kirumba.

Ukitaka kuipima sanamu mkononi, anza na goti. Likunje taratibu hadi mwisho, kisha liachie. Kwenye sanamu ya mfuko wa nailoni, ile ya elfu kumi na tano, mguu utaning'inia au utabanwa katikati ya njia, na plastiki kuzunguka pini itageuka nyeupe kidogo, dalili kwamba inavutika. Kwenye ya Hasbro ya miaka iliyopita, goti litakunjika vizuri na kusimama pale ulipoliacha, lakini utaiona pini yenyewe, kiduara kidogo pembeni mwa goti ambacho mara nyingine hakilingani kabisa na rangi ya mguu. Matoleo yao ya karibuni yamekuwa yakitengenezwa bila pini za kuonekana, na kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote waliyoyafanya kwa bei hiyo. Ukishika Figuarts, goti linakunjika hadi kisigino kikaribie paja, na kuna kipande kidogo cha goti kinachoteleza kuziba pengo la mbele ili mstari wa mguu usikatike. Kipande hicho pekee kimeongeza nafasi kwenye kalibu, kimeongeza hatua ya kuunganisha, na kimeongeza bei.

Baada ya goti, tazama macho. Kwenye feki, macho yamepigwa rangi kwa muhuri wa haraka, na mboni moja huwa juu kuliko nyingine au imeteleza kwenye kope. Hasbro, tangu mwaka 2018 hivi, imekuwa ikichapisha nyuso za waigizaji kwa mashine inayoweka vitone vidogo vya rangi, na ukiitazama sanamu kwa umbali wa mkono uso unapendeza sana. Ukiisogeza karibu zaidi utaviona vitone hivyo mashavuni. McFarlane Toys, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Todd McFarlane, imeegemea upande mwingine. Sanamu zake za mashujaa wa DC, kina Batman, za sentimita 18 zimechongwa kwa kina, kila mshono na kila mkunjo wa joho, huja na kisahani cha kusimamia, na huuzwa kwa bei inayokaribiana na ya Hasbro. Hata hivyo rangi yake mara nyingi haitoshi kuutendea haki uchongaji huo, na urefu wake huzifanya zisikae vizuri rafu moja na za sentimita 15. Hilo la urefu lifikirie mapema, kwa sababu wengi hulitambua wakishajaza rafu mbili.

Kwa ujumla, hatua kubwa kuliko zote ni ile ya kutoka kwenye feki kwenda kwenye sanamu halali ya bei nafuu. Kutoka dola 25 hadi 80 unapata viungo vilivyofichwa, viganja vya kubadilisha, nyuso mbili au tatu, na rangi iliyopakwa kwa uangalifu zaidi. Ni hatua halisi, lakini haileti raha mara tatu. Kwa mhusika wa Dragon Ball ningekushauri uilipe hatua hiyo bila kusita, kwa sababu bila nyuso za kubadilisha huyo si Goku, ni kijana mwenye nywele. Kwa Kapteni Amerika au Batman wa vitabuni, ya dola 25 inatosha kabisa.

Futi_Moja ameandika:

Namheshimu Fundi_Viungo, lakini amekupa hesabu ya fundi, na wewe utakuwa mtazamaji.

Sanamu hukunjwa mara chache, pengine siku inapotoka kwenye boksi na siku ya kufuta vumbi. Muda wote uliobaki inatazamwa. Ukiitazama Hot Toys kwa ukaribu wa kusoma gazeti, unakuta uso uliopakwa rangi tabaka juu ya tabaka: wekundu hafifu puani, vinyweleo vya ndevu vilivyochorwa kimoja kimoja, unyevu wa jicho ulioigizwa kwa rangi ya kung'aa. Baadhi ya vichwa vyao vina macho yanayozungushwa kwa ndani, kiasi kwamba unaweza kuamua shujaa anamtazama nani. Shati lina mishono midogo iliyowiana na ukubwa wa mwili, mkanda una kifungo kinachofungika, na ndani ya boksi kuna viganja vya aina nyingi, kila kimoja kikiwa kimeundwa kushika kitu fulani. Hakuna sanamu ya sentimita 15 inayoweza kukupa hayo, kwa sababu kwenye ukubwa huo kitambaa cha kawaida huwa kinene kupita kiasi na kumfanya shujaa aonekane amevaa gunia. Kampuni ya Mezco wamejaribu kwenye mfululizo wao wa One:12 na wamefanikiwa kuliko wengine, ingawa bei yao nayo si ya mchezo.

Naungama upungufu mmoja: usitegemee kumkunja sana. Vazi la kubana huzuia goti na kiwiko, na ukimwacha amekunja mguu kwa miezi, mkunjo hubaki kwenye kitambaa. Pia sanamu hizi huagizwa kabla hazijatengenezwa, na kusubiri mwaka mzima si ajabu. Hata hivyo, anayeniuliza moja kubwa au kadhaa za wastani, namjibu moja. Hizo kadhaa, baada ya muda, unaacha kuziona.

Binti_Nyegezi ameandika:

Hamjambo nyote. Mimi hutengeneza na kupaka upya sanamu za watu, na ningependa kulijibu swali la pili, kwa sababu hapo ndipo bei na ubora vinapoachana njia.

Kaka yangu Futi_Moja amesifu mavazi, na ni kweli yanapendeza. Tatizo ni kwamba majaketi na mabuti mengi ya sanamu za sehemu moja ya sita hutengenezwa kwa ngozi bandia ya poliyurethani, na adui mkubwa wa poliyurethani ni maji yaliyomo hewani. Unyevu huivunja taratibu katika kiini chake, iwe imeguswa au haijaguswa, na joto huiharakisha kazi hiyo. Aliyewahi kununua mkoba au jaketi la ngozi bandia pale Mlango Mmoja, likakaa kabatini msimu mmoja kisha likaanza kubanduka magamba meusi yanayoganda vidoleni, ameshaiona kemia yenyewe. Jaketi la shujaa wa dola 300 ni nguo ileile iliyopunguzwa ukubwa. Kuna pia sanamu zenye kiwiliwili kilichofunikwa mpira laini ili misuli ionekane halisi, na mpira huo huweza kupasuka kwenye kwapa na kiwiko baada ya miaka. Nyingine zina taa ndogo kifuani zinazotumia betri za kidonge, na betri ikisahaulika ndani huvuja na kuila shaba ya waya. Kwa hiyo sanamu ghali kuliko zote kabatini ndiyo mara nyingi huwa dhaifu kuliko zote mbele ya hewa ya ziwa, na ile ya Hasbro ambayo vazi lake ni plastiki tupu itaizidi umri bila kuhitaji huduma yoyote zaidi ya brashi laini.

Lakini plastiki nayo ina tabia zake. Sanamu nyingi za ngazi zote huchanganya aina mbili za plastiki, PVC na ABS. Bandai huandika hilo kwenye boksi. ABS ni ngumu na hutumika pale panapohitaji kutojipinda. PVC iliyolainishwa hutumika kwenye majoho, nywele na mara nyingi mikono na miguu. Vilainishi vilivyochanganywa ndani ya PVC hupanda juu taratibu, hasa kwenye joto na mahali pasipo na hewa, na ndiyo maana sanamu iliyofungiwa boksini muda mrefu huweza kutoka ikinata. Dawa yake ni kuiosha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, kisha ikauke kivulini. Mguu uliopinda kwa uzito wa mwili unaweza kunyooshwa kwa kuutumbukiza kwenye maji ya moto yanayokaribia kuchemka kwa nusu dakika hivi, kuuweka sawa kwa vidole, na kuuhamishia papo hapo kwenye maji baridi ili ushike umbo. Usifanye hivyo kwa sanamu yenye taa au yenye kitambaa.

Kuhusu dirisha la magharibi: hapo usiweke kabati kabisa. Joto la hewa ya Mwanza halitishi, kwa kuwa ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Linalotisha ni jua la moja kwa moja karibu na ikweta. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya mionzi ya urujuanimno na huruhusu sehemu kubwa ya ile yenye mawimbi marefu kupita, kwa hiyo kioo cha dirisha na kioo cha kabati kwa pamoja havitakuokoa. Nyekundu hufifia mapema, na plastiki nyeupe hugeuka njano. Nimewahi kuletewa sanamu ya askari mweupe aliyekuwa amesimama ubavu mmoja kwenye jua: upande mmoja mweupe, upande wa pili rangi ya meno ya mvuta sigara, na mpaka kati yao umenyooka kabisa puani. Rangi mpya inaficha, haiponyi.

Mwisho kuna wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi. Wakivutwa na taa huingia hadi ndani ya kabati, na wakifia kwenye joho la kitambaa huacha alama ya mafuta isiyotoka kwa kupanguswa. Kwenye plastiki unafuta na kuendelea na shughuli zako.

Mkazi_wa_Kirumba ameandika:

Nawashukuru sana, na dada Binti_Nyegezi umenifumbua macho kuhusu jambo ambalo sijaliona likizungumzwa kwenye video zozote za wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.

Naomba kuongeza maswali mawili. Sanamu moja nimekwisha kuinunua Makoroboi: nyayo zake hazina maandishi yoyote, ina harufu kali ambayo haijaisha hata baada ya kuianika, na nikiilinganisha na vipimo vilivyoandikwa mtandaoni ni fupi kidogo kuliko inavyopaswa. Je, ni feki? Na kama ni feki, je, naweza kumwachia mpwa wangu aichezee? Swali la pili ni kuhusu gharama halisi ya kuagiza, kwa sababu nimeambiwa bei ya mtandaoni si bei ya kufikia mlangoni.

Mpokea_Mizigo ameandika:

Ndugu, kwa dalili ulizozitaja sina shaka kwamba ni feki. Sanamu halali huwa na alama ya hakimiliki na jina la kampuni, kwa kawaida chini ya unyayo, mgongoni au nyuma ya paja, kwa herufi ndogo zilizochongwa. Kuhusu ufupi, feki nyingi hutengenezwa kwa kuitumia sanamu halali kama kielelezo cha kalibu mpya; nakala hunyauka kidogo plastiki inapopoa, ikatoka ndogo kuliko mama yake, na michirizi ya nywele na vidole hufifia. Kwa sanamu za Dragon Ball zilizotolewa kwa soko la Japani, tafuta pia kibandiko kinachong'aa cha Toei, kampuni ya katuni hizo, kwenye boksi, ingawa siku hizi wapo wanaokighushi.

Kuhusu mtoto, usimpe. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa vilainishi kadhaa vya aina ya fthaleti kwenye midoli, na Marekani ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Mattel kulazimika kurudisha kutoka sokoni mamia ya maelfu ya midoli kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi. Ikiwa kampuni kubwa yenye wakaguzi ilipitiwa na jambo hilo, hicho kiboksi kisicho na jina hakina hata mtu wa kuulizwa. Harufu peke yake haithibitishi sumu, lakini risasi huathiri ubongo wa mtoto, na mtoto wa miaka mitano bado hutia vitu mdomoni. Hata zile halali za wakusanyaji hazikukusudiwa kwake: Bandai huandika kwenye nyingi kwamba ni za umri wa miaka 15 na kuendelea, kwa sababu ya vipande vidogo na ncha kali. Mnunulie zile kubwa za plastiki zenye viungo vitano tu, zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto na kampuni inayojulikana, zinavumilia kutupwa.

Sasa gharama. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa midoli iliyokamilika ni asilimia 25, nao hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima. Juu ya jumla hiyo hukaa VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo mzigo uliofika kwa thamani ya dola 100 unakuwa dola 125 baada ya ushuru, na dola 147.5 baada ya VAT, kabla ya tozo nyingine ndogo na ada ya wakala. Ukichukulia shilingi 2,500 kwa dola kwa urahisi wa hesabu, laki saba yako ni dola 280, na ukirudi nyuma kupitia kodi hizo, unabaki na dola 190 hivi za kununulia na kusafirishia. Hot Toys haimo humo, hata iliyotumika ni ya kubahatisha. Marvel Legends nne au tano, zikisafirishwa katika boksi moja, zinaingia; au Figuarts mbili.

Wengi wetu tunaunganisha oda na watu wa Dar es Salaam, kisha kifurushi kinapanda basi hadi hapa. Kama utafanya hivyo, mwombe mtumaji aweke boksi la sanamu ndani ya boksi jingine, na umwambie kondakta lisikae juu ya injini. Angalizo jingine: mwaka 2022 Hasbro iliondoa madirisha ya plastiki kwenye boksi za Marvel Legends, wakusanyaji wakalalamika kwamba hawaoni uso wanaoununua na kwamba wapo wanaobadilisha sanamu ndani na kurudisha boksi dukani, na baadaye madirisha yakarejeshwa. Ukiuziwa mkononi boksi la kipindi hicho, lifungue mbele ya muuzaji. Boksi ninayoiamini ni ile niliyoiona ndani.

Futi_Moja ameandika:

Kwa hesabu hiyo naondoa pendekezo langu kwa sasa, lakini sibadili msimamo kuhusu uso. Kama utanunua Figuarts mbili badala ya Legends tano, tayari umesogea upande wangu.

Fundi_Viungo ameandika:

Ama achanganye: Figuarts moja ya mhusika anayempenda kuliko wote, na Legends mbili za kujifunzia mkono. Atajua mwenyewe ndani ya miezi michache kama yeye ni mtu wa kukunja au wa kutazama. Na akikunja Figuarts kwa mara ya kwanza, asilazimishe kiungo kigumu. Akipashe moto kidogo kwa draya ya nywele kwanza, kwa sababu mhimili wa kiungo chao ni mwembamba na ukikatika ndani ya bega hakuna supagluu itakayourudisha ulivyokuwa. Hasbro husamehe nguvu, Bandai haisamehe.

Mkazi_wa_Kirumba ameandika:

Nimeupenda mchanganyiko huo na nitaagiza hivyo. Ile ya Makoroboi nimeshaitoa chumbani. Kabati litahamia ukuta usiofikiwa na jua la dirishani. Swali la mwisho kwa dada Binti_Nyegezi: je, nikiweka taa ndani ya kabati nitakuwa nimejiletea jua jingine?

Binti_Nyegezi ameandika:

Taa za LED za ukanda hazina shida, kwa sababu mionzi yake ya urujuanimno ni kidogo sana. Usiweke balbu za zamani wala zile ndogo za halojeni, ambazo hupika rafu ya juu. Kile kifaa cha kupunguzia umeme cha LED ndicho hupata moto, kwa hiyo kitoe nje ya kabati na upitishe waya nyuma. Acha pia matundu mawili ya hewa upande wa nyuma, moja juu na moja chini, ili PVC isifungiwe na mvuke wake yenyewe, na uyazibe kwa kipande cha wavu mwembamba wa dirishani. Zile pakiti ndogo za chembechembe za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya viatu vipya usizitupe. Ziweke pembeni mwa rafu, na zibadilishe masika yakianza.